Kuku Wasiolala

Siku barua yake ya likizo iliposainiwa, mwenye kampuni alimtazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Kumbe siku hizi hata mashine zinachoka?"

Ofisi nzima ikacheka. Na yeye mwenye likizo akacheka. Hilo ndilo lililokuja kumkera baadaye kuliko mengine yote, kwamba alicheka.

Mashine lilikuwa jina lake la kazini. Alilipata mwaka wa kwanza, alipomaliza kwa siku nne kazi iliyopangiwa mwezi, na kwa miaka minne alilivaa kama nishani. Nyumbani kwao aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwembamba, mgongo umeanza kupinda kwa kuinamia kompyuta, na kope ya jicho la kushoto ilikuwa ikichezacheza yenyewe kazi zikizidi. Alikuwa akiandika programu za gemu za simu. Ukimuuliza kwa nini alichagua kazi hiyo, angekwambia habari za marehemu baba yake, fundi redio, ambaye kila akifunga karakana alichora miraba kwa chaki kwenye sakafu ya barazani, akamwaga vifuniko vya soda, na kusema, "Haya Kitinda, leo tunacheza kwa sheria gani?" Sheria zilibadilika kila jioni. Mtu akianza kununa au kupiga miayo, mzee alifuta miraba kwa soli ya kiatu. "Basi, imetosha." Na ilikuwa imetosha kweli.

Kampuni ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda na ngazi hadi kwenye meza zao. Mwenye kampuni hakutaka kuitwa bosi. "Hapa hakuna bosi, sisi ni familia, niiteni Kaka." Kaka alikuwa mtu wa viatu vyeupe na maneno matamu. Alinunua meza ya kuchezea mpira ili watu wajisikie huru. Ndani ya mwezi mmoja ilijaa maboksi ya simu za majaribio, na hakuna aliyewahi kupiga mpira hata mmoja juu yake. Pembeni kulikuwa na bembea ya kamba ya kulalia. Aliyejaribu kuilalia alikuwa mhasibu, siku yake ya kwanza, na Kaka alimpiga picha akaituma kwenye kundi la simu la ofisi akiwa ameandika: "Wengine wamekuja kulala!" Bembea ikabaki inaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Gemu iliyowapa jina ilikuwa ya kuku. Mchezaji anajenga banda, anafuga kuku wake, anawalisha, anaokota mayai, na kila kuku anampa jina analotaka. Hakuna zaidi. Wazo lilikuwa la Mashine, na picha zilikuwa za mchoraji, mwanaume wa makamo asiyependa mazungumzo, aliyekwenda kukaa wiki nzima kwenye ua wa shemeji yake kutazama kuku wanavyokunja miguu. Jambo walilolipigania wote wawili lilikuwa usingizi. Mtu akifunga simu, kuku wanapanda fito, wanaingiza vichwa kwenye mbawa, wanalala. Wangeweza kulala nusu siku nzima bila kudhurika. Ukirudi, wanaamka na kujinyoosha, na ule mnyoosho mchoraji aliuchora mara kumi na saba ndipo akaridhika.

Kaka alikubali usingizi kwa shingo upande, ila akataka muda wake uwe namba tu, iliyohifadhiwa kwenye seva, yaani ile kompyuta kuu inayohudumia wachezaji wote. "Ili tuwe na nafasi ya kurekebisha," alisema. Mashine akaiweka. Kisha akatakiwa atafute sauti ya kumwita mchezaji arudi bandani. Akarekodi sauti tano za tetea, zikajaribiwa kwa wachezaji, na ikachaguliwa ile ambayo hakuna aliyeweza kuivumilia: kuku wa jirani aliyebanwa na mlango. Maneno ya kuonekana kwenye kioo aliyaandika yeye pia. "Kuku wako wanakuita." Siku ile alijipongeza kwa soda baridi.

Basi likizo ikaanza. Siku kumi, za kwanza kwa miaka minne. Akafunga begi akaenda kwa mama yake, mwendo wa saa moja kwa basi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekuja na hiyo kompyuta ya nini?"

"Ya dharura tu, Mama."

"Ya dharura." Mama akalitazama begi la kompyuta kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. "Haya, pita nayo ndani."

Mama yake alikuwa mstaafu. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa, kwenye kile chumba kidogo chenye nyaya na taa, ambapo kengele ikilia huwezi kujua kama ni mtu anauliza saa za kutazama wagonjwa au ni mjamzito anatokwa damu njiani. Alipostaafu alifanya jambo moja tu la kusherehekea: alichomoa betri kwenye saa yake ya kuamshia. Sasa alikuwa na shinikizo la damu, na daktari alimwagiza vitu vitatu, chumvi kidogo, kutembea asubuhi, na kulala mchana bila kukosa.

Siku ya kwanza Kaka alipiga simu mara tatu. "Dada, najua uko likizo, sitaki kukusumbua, ila..." Siku ya pili mara tano. Kila mara ilikuwa kitu kidogo, na kila kitu kidogo kilikula saa mbili. Mashine alikaa jikoni kompyuta ikiwa kati ya chujio na sahani za jana, huku mama yake akipangua vyombo kumzunguka.

"Mama, dakika moja tu, namaliza."

"Mwanangu, dakika zako zina urefu gani? Nizijue, nipange siku yangu."

Alikasirika, lakini alijua amestahili, kwa hiyo akaendelea kuandika.

Siku ya tatu akaanza kumwangalia mama yake vizuri. Macho yalikuwa mekundu. Chai aliimimina hadi ikamwagika kwenye kisahani. Saa nane mchana alikwenda kulala kama alivyoagizwa, lakini haikupita nusu saa Mashine akasikia kitanda kinalia, kandambili zinaburuzwa, kisha kimya, kisha kitanda tena. Mara tatu. Alidhani ni sukari inamwamsha kwenda msalani, na kwa sababu sukari ndiyo iliyomuua shangazi yake, asubuhi ya siku ya nne akamshika mkono hadi zahanati.

Walikaa kwenye benchi la mbao, foleni ndefu, mtoto wa mtu akilia. Muuguzi alipompima mama, uso wake ukabadilika. Akapima tena.

"Bibi, dawa unameza?"

"Nameza."

"Mchana unalala?"

Kabla mama hajajibu, kuku akalia ndani ya mkoba wake.

Mashine aliitambua sauti ile kabla akili yake haijaielewa. Mwili ulimshtuka kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotegemea. Mama naye alikuwa ameshachomoa mkono kwenye kifaa cha kupimia, anapekua mkoba, leso inaanguka, funguo zinaanguka. "Samahani nesi, samahani mwanangu, ngoja niwahudumie hawa mara moja, jana wamenifia wawili."

"Nani kakufia?" muuguzi akauliza, ameduwaa.

Mashine akaichukua simu. Ilikuwa gemu yake. Kuku tisa, kila mmoja na jina: la mama mdogo, la jirani, la wale wapokea simu wenzake wa zamani, na jogoo mmoja mwenye jina la marehemu baba. Wawili walikuwa chali, wa kijivu, miguu juu. Hakuwahi kuona picha ile, kwa sababu katika gemu aliyoiandika yeye kuku hawakuwa wakifa. Akaikazia macho. Ilikuwa ni picha ya mchoraji ya kuku aliyelala. Walikuwa wameigeuza juu chini na kuifuta rangi.

"Tangu lini wanakufa, Mama?"

"Tangu siku uliyokuja. Zamani nikilala nao wanalala. Sasa sijui ni mimi nimezembea, kila dakika arobaini lazima niwape chakula. Ukichelewa wanakufa, mpaka ununue dawa ya kuwafufua. Nyumbani simu naifungia kabatini ndani ya nguo, kelele zisikusumbue na kazi zako." Akashusha sauti kwa aibu. "Baba yako nimeshamfufua mara mbili."

Na pale pale, kama vile alikuwa amejificha nyuma ya mlango akisubiri, Kaka akapiga. "Mashine! Seva imeanguka! Kengele zimekuwa nyingi, mtambo umeshindwa, watu wanatutukana kila kona. Nakuhitaji hapa, siyo kwa simu, hapa!"

"Namba ya usingizi ameshusha nani?"

"Hayo tutaongea, wewe njoo kwanza."

"Nakuja," akasema Mashine, na muuguzi baadaye alimwambia mama kwamba ile "nakuja" ilimtia hofu yeye mwenyewe, na hakuwa ameambiwa yeye.

Alimrudisha mama nyumbani, akamlaza, akaizima simu yake na kuiweka juu ya kabati, akapanda basi. Saa nzima alikaa mikono imekunjwa magotini. Alikuwa akifikiria siku walizochagua. Barua yake ilisainiwa Ijumaa, na namba ikashushwa mara tu alipotoka. Hawakuwa wamemruhusu kupumzika, walikuwa wamemwondoa njiani. Tena hata huko likizoni walikuwa wamempigia mara nane, anawatengenezea hili na lile, bila kumwambia kwamba anawashikia debe huku wao wanalimwagia banda mafuta ya taa.

Alipoingia ofisini walipiga makofi. Kaka akafungua mikono. "Mashine amerudi! Nilisema mimi, damu ya familia!"

"Nani ameshusha namba?"

Makofi yakafa moja moja. Jamaa wa seva akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mchoraji alikuwa kwenye kona yake, hajainua kichwa.

"Ni mimi," akasema Kaka. "Na imefanya kazi. Watu wanafungua gemu mara sita zaidi. Mara sita, dada! Tatizo ni seva tu."

"Na picha ya kuku aliyekufa?"

"Tulihitaji haraka."

"Uliigeuza ya aliyelala."

"Ni picha, jamani! Na ile ni namba! Nyie mnazungumza kama nimechinja kuku wa kweli."

"Mama yangu anaamka kila dakika arobaini," Mashine akasema. "Ana miaka sitini na saba. Daktari amemwagiza alale, na wewe unamwamsha. Leo presha yake imemtisha nesi."

Kaka akatazama viatu vyake vyeupe. Huenda, Mashine alifikiria baadaye, kama angeishia hapo, wangepata neno la kuelewana. Lakini akatabasamu, lile tabasamu la kupigia picha, akasema, "Sasa si umwambie mama aifute? Hakuna aliyemshikia bunduki."

Mori ukampanda. Si kwamba alipiga kelele, na waliokuwapo walisema afadhali angepiga. Alisogea hadi usoni pake, akazungumza taratibu kama mtu anayehesabu. "Sauti ile niliitafuta mimi. Ulinituma nitafute kengele ambayo mtu hawezi kuiacha, nikaitafuta, nikaipata. Kwa hiyo usiniambie hakuna aliyemshikia kitu. Mimi nimemshikia. Na wewe umesubiri nigeuke, ukavuta."

Kisha akavuta kiti, akakaa, akaanza kazi.

Ilimchukua saa moja na robo. Jamaa wa seva alisimama nyuma yake akimpa maji bila kuombwa. Seva ikarudi kufanya kazi. Kaka akashusha pumzi, akaanza tena habari za familia, ndipo Mashine akamgeukia.

"Sijamaliza. Namba yako nimeiondoa. Usingizi nimeuandika ndani ya gemu yenyewe, nusu siku kama ulivyokuwa, na hakuna anayekufa. Toleo jipya limeshaondoka, sasa hivi linaingia kwenye simu za watu. Sikufichi. Ukitaka kuuondoa usingizi tena, itabidi mtu akae hapa, aandike kwa mikono yake. Muulize nani yuko tayari."

Kaka akamtazama jamaa wa seva. Yule akatazama glasi ya maji. Akamtazama mchoraji, ambaye si mwandishi wa programu na hakuwa na msaada wowote, lakini kwa sababu ametazamwa aliinua kichwa na kusema maneno yake ya kwanza ya siku ile: "Ile picha nilikaa wiki nzima kwenye mbu kuichora."

"Toka," Kaka akamwambia Mashine. Uso ulikuwa umemwiva. "Chukua vitu vyako. Na likizo yako imefutwa!"

Hapo ndipo alipocheka mara ya mwisho katika ofisi ile, maana unafutaje likizo ya mtu uliyemfukuza?

Njia nzima ya kurudi alijiona shujaa. Alipanga atakavyomsimulia mama yake, wapi atapandisha sauti, wapi atamwigiza Kaka na viatu vyake. Na alisimulia hivyo hivyo, amesimama katikati ya sebule, bado amevaa viatu. Mama alisikiliza kitandani, mlango wazi, mikono juu ya shuka. Aliposikia habari za mchoraji na mbu alicheka kidogo. Halafu akauliza jambo ambalo Mashine alikuwa amelipita harakaharaka.

"Umesema sauti ya yule kuku niliyekuwa nikiamkia uliitafuta wewe?"

"Ndiyo, Mama, lakini..."

"Ulijaribu ngapi?"

"Tano."

"Ukachagua ile ambayo mtu hawezi kuiacha."

Mashine akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Kitinda," mama akasema, na hakusema kwa upole. "Miaka ishirini na minane nimeamka kwa kengele. Nimeacha chakula kinapoa, nimekuacha wewe una homa kwa bibi yako. Sikuwahi kunung'unika, kwa sababu kila kengele ilikuwa na mtu upande wa pili. Hii yako, upande wa pili alikuwepo nani?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Hakuna mtu." Mama akarudia kama anayeandika kwenye daftari la zamu. "Ulijua mama yako ni mtu wa namna gani kengele ikilia. Ukaenda ukawatafuta watu wote walio kama mimi."

"Sikukufikiria wewe, Mama."

"Ndilo ninalosema." Akageukia ukutani. "Zima taa ya sebuleni ukitoka, nataka kulala."

Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado kali. Mashine alitoka akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akaona hasira zote alizompelekea Kaka zimerudi, zimekaa naye ubavuni, na safari hii hazikuwa na pa kwenda. Alimchukia Kaka, ndiyo, na aliendelea kumchukia kwa moyo mmoja. Lakini Kaka hakuwa amemlazimisha anywe soda ile baridi.

Mama alimnunia siku mbili. Alimpa chakula, akamjibu salamu, basi. Siku ya tatu akaiomba simu yake. Akafungua banda, akawatazama kuku mmoja mmoja, akamwambia yule jogoo, "Haya baba, kapumzike," kisha akampa binti yake aifute. Mashine akaifuta. Wiki mbili baadaye muuguzi alipima presha, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kuku wa watu wengine hawakubahatika. Walilala siku kumi na moja tu. Kaka alimpata mtu wa nje, wa kulipwa kwa kazi moja, asiyejua lolote kuhusu fito wala mbawa, na usingizi ukaondolewa. Mashine alijua kwa sababu aliendelea kuikagua kila asubuhi, na kila asubuhi alitukana kwa sauti, mpaka mama akamwambia matusi hayo ayapeleke nje, yanaingia kwenye maziwa. Aliandika malalamiko kwa wenye duka la gemu mtandaoni. Alijibiwa na mashine, ya kweli hiyo, ikimshukuru kwa maoni yake. Hadi leo ukimtajia anafura.

Alipata kazi kwenye kampuni inayotengeneza programu za kupanga foleni za zahanati. Ni kazi kavu, haina kuku wala mayai, lakini saa kumi na moja jioni mlinzi anazima taa na kila mtu anatoka, na wiki ya kwanza alibaki kwenye kiti akidhani ni hitilafu ya umeme. Mchoraji naye aliacha, miezi mitatu baadaye. Jumamosi huja nyumbani kwa mama, wanakaa mezani, wanatengeneza gemu yao wenyewe, isiyo na kengele, isiyomwita mtu wala kumuua yeyote.

Ya kwanza walipoimaliza wakampa mama aijaribu. Alivaa miwani, akacheza kama robo saa, akaiweka simu mezani taratibu.

"Vipi, Mama?"

"Nzuri. Ila hainogi."

"Hainogi vipi?"

"Nimeiacha, na sioni sababu ya kuirudia."

Mashine alipandwa na hasira za kweli, akataka kusema kwamba hiyo ndiyo maana yake, kwamba ndivyo walivyokusudia. Akamtazama mchoraji amsaidie. Mchoraji alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, anakubaliana na mama. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hata yeye aliona ni kweli: miaka yote ile kengele ilikuwa inawafichia mahali ambapo gemu yenyewe ilikuwa chapwa, na sasa hakukuwa na cha kuwafichia. Alinuna hadi chakula cha mchana. Kisha akamwondolea mama kikombe mezani, akafungua kompyuta, akamwambia mchoraji, "Sogea huku. Tuanze mwanzo."